Neno "Yupo" na Kosa Langu la Miaka Kumi na Mmoja

Mwangaluka, vijana. Tangu nistaafu na kurudi hapa Bariadi, kila mtu ananiuliza nilikuwa nafundisha nini huko chuoni miaka yote ile. Nikisema falsafa, wengi wanasema "aah", kisha wanabadilisha mazungumzo. Jirani yangu Mzee Abdallah, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, yeye hakubadilisha. Aliniuliza kama hiyo falsafa ina mitihani. Nikamwambia inayo. Akauliza kama watu hufeli. Nikamwambia wanafeli sana. Akatikisa kichwa, akasema basi ni somo la kweli.

Nimewaandikia ninyi mnaojiandaa kwenda vyuoni, na hasa wale mtakaokuja kufanya utafiti, kwa sababu nimeifanya kazi hiyo muda mrefu na nimeikosea vibaya mara moja. Makosa madogo nilifanya mengi. Siku yangu ya kwanza kufundisha niliongea saa nzima nikiwa nimewapa mgongo wanafunzi, naandika ubaoni. Nilipogeuka nilikuta nusu yao wameondoka na waliobaki wananionea huruma. Hilo mtalirekebisha wenyewe. Kosa ninalotaka kuwasimulia ni lile lililonifanya niogope jina langu mwenyewe.

Kwanza mjue nilichokuwa nakifanya. Somo langu ni metafizikia, yaani kuuliza vitu vipo namna gani, na nini kinakifanya kitu kiwe kilekile leo na kesho. Msianze kamwe kumfundisha mtu kwa neno kubwa kama hilo. Mimi nilianza na ng'ombe. Baba yangu kule Zagayu alikuwa na kundi alilorithi kwa babu, na mpaka nilipokwenda sekondari tuliliita "kundi la babu", ingawa hakukuwa na ng'ombe hata mmoja aliyewahi kumwona babu. Wote walikuwa wamekufa, wametolewa mahari au wamechinjwa, wakabaki ndama wa ndama zao. Nilikuwa nawauliza wanafunzi: hilo ni kundi lile lile? Wengi husema ndiyo. Halafu nawauliza: na kama wote wangeibwa siku moja, baba akanunua wengine idadi ileile? Hapo darasa lilichemka, na mimi nilikaa chini kunywa maji.

Nusu nyingine ya kazi yangu ilikuwa lugha. Nilitaka kujua kama namna tunavyosema inaonyesha vitu tunavyoviamini kuwa vipo. Mtu akisema "alikuwa" na mwingine akisema "yupo", je, wanatofautiana katika sarufi tu, au wanatofautiana katika kuuona ulimwengu? Hilo ndilo swali lililonipeleka Kalemela, kando ya ziwa, nikiwa mhadhiri kijana mwenye kinasa sauti cha kaseti na viatu visivyofaa kwa njia zile.

Nilizunguka vijiji vinne vya mkoa huu. Kila nilipofika niliomba nikutanishwe na watu waliofiwa na wenzi wao, nikawaomba wanisimulie habari za marehemu. Nilizungumza nao Kisukuma, lakini hapa nitayaweka maneno yao kwa Kiswahili ili wote tuelewane. Nyumbani Zagayu nilianza na mama yangu mzazi. Alisema, "Baba yako alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa kupiga." Wengine pale kijijini walisema vivyo hivyo: alikuwa, alipenda, alilima.

Kalemela mambo yalikuwa tofauti. Mwenyekiti wa kitongoji alinipeleka kwa kikundi cha wajane tisa waliokuwa wakikutana kila wiki kusali na kusaidiana kulima. Niliona nimepata bahati, maana ningewahoji wote sehemu moja kwa siku mbili, badala ya kutembea nyumba kwa nyumba kwa viatu vile. Wa kwanza alikuwa Mama Ng'washi, mwanamke mrefu, mpole, mwenye kuvuta maneno. Nikamwomba anieleze mumewe alikuwa mtu wa namna gani. Akaniambia, "Mume wangu yupo. Ni mtu wa utani. Hapendi samaki, ingawa kazi yake ni kuvua." Wengine wanane walisema kama yeye. Yupo, anapenda, anacheka.

Ninyi mngefikiri nini? Mimi nilifikiri nimegundua jambo. Nilirudi chuoni nikaandika makala kwamba kwa watu wa kwetu kuwepo hakuna wakati, kwamba kifo hakimwondoi mtu katika orodha ya vilivyopo, na kwamba lugha yetu inalishuhudia hilo. Na zile kaseti za Zagayu, pamoja na ya mama yangu? Nilijiambia kwamba wale wameathiriwa na shule na kanisa. Kalemela nako kulikuwa na shule na kanisa, lakini hilo sikujiuliza. Juu ya kasha la kaseti ya mama niliandika kwa mkono wangu: "Isitumike."

Makala ilitoka katika jarida la nje, ikasomwa, ikanukuliwa. Nilialikwa kwenye mikutano. Kumbukeni nilikuwa mwanamke pekee katika idara yetu, na kwa miaka kadhaa wenzangu walikuwa wakiniomba mimi ndiye niandike kumbukumbu za vikao. Baada ya makala ile hakuna aliyeniomba tena. Nikapandishwa cheo. Nasema haya ili mwelewe kwa nini niling'ang'ania kama nilivyong'ang'ania.

Miaka kumi baadaye, darasani kwangu alikuja msichana aitwaye Kabula, kutoka Kalemela. Alikuwa mkimya, anakaa safu ya pili, anaandika kila kitu. Siku niliyofundisha makala yangu alinyoosha mkono. Sauti yake ilikuwa ya chini, ikabidi nimwombe arudie.

"Mwalimu," alisema, "katika wale uliowauliza, wangapi walikuwa wamezika?"

Nilimjibu kwamba somo letu ni lugha na si mazishi. Darasa likacheka. Kabula akaketi. Nami nikaendelea na mhadhara nikiwa nimeridhika na jibu langu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi mpaka leo.

Katika insha yake ya mwisho wa muhula aliandika kurasa kumi na moja akieleza kwamba kwao mtu aliyezama ziwani na mwili wake usipatikane hasemwi kwa wakati uliopita mpaka familia ikubali. Kabla ya hapo, kusema "alikuwa" ni kama kumzamisha mara ya pili. Kwa hiyo, alisema, huwezi kuchukua maneno ya watu wanaosubiri ukayafanya kuwa imani ya watu wote kuhusu kuwepo. Ilikuwa insha nzuri. Nilimpa alama ya chini kabisa ya kufaulu, nikaandika pembeni: "Huna ushahidi." Alama ile ilimwondoa kwenye orodha ya waliofaa kuendelea na shahada ya uzamili. Hakulalamika. Alikuja ofisini kuchukua insha yake, akasema asante mwalimu, akaondoka.

Mwaka uliofuata chuo kilianza kuhamisha kaseti zetu za zamani kwenda kwenye kompyuta, kwa sababu utepe ulikuwa unaoza. Nilitakiwa kusikiliza kila kaseti na kuthibitisha maelezo yake. Nikavaa visikilizio, nikaiweka ya Mama Ng'washi, na mkononi nilikuwa na maandishi yangu ya zamani ya mahojiano yale. Nikamsikia: mume wangu yupo, ni mtu wa utani, hapendi samaki ingawa kazi yake ni kuvua. Kwenye karatasi, baada ya hapo, nilikuwa nimeweka nukta tatu. Kwenye kaseti hapakuwa na nukta. Palikuwa na kimya kidogo, kuku analia mbali, kisha sauti yake: "Hajaonekana bado."

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Halafu nikasikiliza wengine. Si wote waliosema waziwazi, lakini sasa nilijua cha kusikiliza. Mmoja alisema wanaume wawili bado wanapita ufukweni kutazama. Mwingine alisema nguo zake hajazigawa. Wale hawakuwa wajane tisa wowote. Kikundi chao kilikuwa cha wanawake ambao waume zao walichukuliwa na ziwa na miili haikupatikana, na ndiyo maana walikuwa wakikutana pamoja. Mwenyekiti alidhani naelewa. Mimi sikuuliza mtu alikufaje, niliona si adabu. Adabu ile iliniokolea muda, na nilijifanya sijui kwamba iliniokolea.

Niwape ushauri wa kazi hapa hapa, kabla sijasahau. Mkimhoji mtu, msizime chombo akimaliza kujibu swali lenu. Kiacheni kiendelee. Anayojibu ni yenu, anayoongeza ni yake. Na mnapoandika mahojiano, msiweke nukta tatu mahali ambapo mtu ameongea. Siku hizi nasikia simu inawaandikia kila kitu yenyewe. Vizuri, lakini sikilizeni na ninyi.

Sasa nitawaambia jambo la aibu. Nilijua ukweli ule, nikakaa nao miezi minne bila kumwambia mtu. Nilikwenda kazini, nikafundisha, nikasahihisha. Mwishowe nilimweleza mkuu wa idara yetu, mtu mwema aliyekuwa amenitetea mara nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia makala ina miaka zaidi ya kumi, itasahaulika yenyewe, na jina langu liko mbele ya kamati ya uprofesa. Alisema nisubiri kamati imalize. Hakuwa na nia mbaya. Nilitoka ofisini kwake nikiwa na nafuu, na nilipofika kwenye ngazi nafuu ile ikanichefua.

Nilimtafuta Kabula. Alikuwa anafundisha shule moja ya msingi huko Malampaka, kwa muda, akisubiri ajira ya kudumu. Nilishuka kituoni nikamkuta ananisubiri, amevaa sare ya walimu wa pale, ana chaki kwenye vidole. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilipomwona nikaishiwa.

Nikamwambia tu, "Kabula, ulikuwa sahihi, na mimi nilikuadhibu."

Alijifuta chaki vidoleni. Kisha akaniuliza kama nimekuja kwa sababu nimeisoma tena insha yake. Nikamwambia hapana, nimekuja kwa sababu nimesikiliza kaseti. Nilidhani litamfurahisha, lakini uso wake ukazidi kuwa mzito. Akasema, "Kwa hiyo nisingetosha mimi mwenyewe. Mpaka kaseti." Alikuwa amenisahihisha mara ya pili, na bado tulikuwa tumesimama pale pale kituoni.

Tulikwenda Kalemela pamoja wakati wa likizo ya shule. Yeye ndiye aliyesema twende. Alisema kurekebisha makala bila kumwambia mwenye maneno ni kurudia kosa lile lile kwa Kiingereza kizuri zaidi. Mama Ng'washi alikuwa amezeeka, macho yameanza kufifia, lakini alinikumbuka kwa viatu. Alinipokea kwa furaha, akaniita mwanangu, akaagiza maji ya kunywa na karanga.

Nilimweleza kwa Kisukuma nilichokuwa nimeandika juu yake. Ni kazi ngumu kutafsiri falsafa mbele ya mtu uliyemtumia kuijenga. Kila sentensi niliyojivunia huko nje ilisikika kama majungu. Alinisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipomaliza alisema, bila hasira, kwamba yeye hakuniambia hivyo.

"Mimi najua mtu akifa amekufa," alisema. "Mama yangu alikufa, nilimwosha kwa mikono hii. Mume wangu sikumwosha. Ndiyo tofauti, mwanangu. Ungeniuliza ningekwambia."

Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, kisha akauliza kama jina lake liko kwenye hicho nilichoandika. Nikamwambia ilikuwa desturi yetu kuficha majina, nimeandika Mama N. Akamgeukia Kabula aeleze. Kabula akamwambia ni herufi moja tu. Mama Ng'washi alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema nimetoka mbali kote huko kuja kuchukua herufi moja.

Alipotulia akaniambia anachotaka. Alisema mtu akizikwa, jina lake huandikwa kwenye msalaba. La mumewe halijaandikwa popote. Anaitwa Maduhu Lubinza. Kama naandika tena kurekebisha, niliandike hilo, lote, si herufi.

Nilirudi nikaandika. Marekebisho yalikuwa ya kurasa tisa, na katika kila hoja ya msingi nilitaja kwamba imetoka kwenye insha ya mwanafunzi wangu Kabula, ambayo niliisahihisha kwa upendeleo wa nafsi yangu. Insha yenyewe niliipeleka kwa idara, nikaomba isahihishwe upya na mhadhiri mwingine pamoja na mtahini wa nje. Walimpa daraja la juu kabisa. Aliingia uzamili mwaka uliofuata, na hakutaka nimsimamie. Alichagua msimamizi mwingine, na alifanya vyema. Tulikuja kuwa marafiki baadaye, taratibu, kwa masharti yake.

Kamati iliniweka kando kwa miaka mitatu. Baadhi ya walioninukuu waliniandikia barua kali, na mmoja aliniambia nimewaangusha Waafrika wote. Nilimjibu kwamba niliwaangusha wanawake tisa, na nilijua wanakaa wapi. Mkuu wa idara hakunisema vibaya hata siku moja. Alipostaafu aliniaga kwa kunishika mkono na kusema, "Mimi nisingeweza." Sikujua kama ni sifa au masikitiko, na sikuuliza.

Mhariri wa jarida alikubali kila kitu isipokuwa jina la Maduhu Lubinza. Alisema watafitiwa hawatajwi, na zaidi ya hapo huyo hakuwa hata mtafitiwa, hakuhojiwa. Tuliandikiana mara nyingi. Nilimweleza kwamba mke wake ndiye mwenye habari hizi na hilo ndilo ombi lake pekee. Hatimaye akakubali liwekwe kwenye tanbihi, chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo.

Nakala ilipofika niliipeleka Kalemela mwenyewe, na Kabula akaja kutoka chuoni. Mama Ng'washi hakujua kusoma, na makala yenyewe ilikuwa ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Kabula akamshika kidole, akakiweka juu ya tanbihi. Akamsomea. Mama akaomba asomewe tena, kisha tena. Katika ukurasa ule wote hakuna alichokifahamu isipokuwa maneno mawili yale, na aliyafahamu vizuri.

Akatuma waitwe wenzake. Wa kikundi kile walikuwa wamebaki sita, na watatu waliofariki walikuwa na watoto au wajukuu. Walikuja, wakaketi kwenye mikeka, kila mmoja akakiweka kidole chake pale palipokuwa na kidole cha Mama Ng'washi. Kisha mmoja wao akasafisha koo akaniambia jina la mume wake, polepole, jinsi linavyotakiwa kuandikwa. Nikatoa kalamu. Akafuata mwingine. Hawakuniuliza kama inawezekana.

Mhariri asingeyakubali, hilo nilijua. Kwa hiyo nilisubiri mpaka nilipoandika kitabu changu cha mwisho, kile cha lugha na kuwepo, ambacho nilikiandika upya tangu sura ya kwanza, safari hii na kaseti ya mama yangu ikiwa ndani yake. Ukurasa wa mwanzo, mahali ambapo waandishi huweka shukrani kwa walimu wao, niliweka majina tisa, moja chini ya jingine, bila maelezo.

Kitabu kilipotoka, profesa mmoja wa nje alikisoma kwa makini na kukisifu, kisha akaniandikia akiomba radhi kwa ujinga wake. Alikuwa ametafuta majina yale tisa katika maktaba zote anazozijua na hakuyapata, akataka kujua ni wanafalsafa wa shule gani.

Nilimjibu kwa mstari mmoja, kwamba hao ni wavuvi wa Kalemela.